Maji ya Kaplong si ya Tudor: mwongozo kwa jamaa wa Pwani wanaokwenda bara

Kila likizo ya Disemba ikikaribia, simu yangu huanza kupokea swali lile lile kwa maneno tofauti. Mwaka huu lilitoka kwa bibi mmoja wa Kisauni, ambaye mumewe anafanya kazi Kaplong: "Watoto nawapeleka kwa baba yao mwezi mzima. Wameshazoea maji. Huko kuna pa kuogelea?"

Jibu ni kwamba pako. Mito iko, mabwawa yako, samaki wako. Lakini kabla sijataja hata kijito kimoja nataka kueleza kilichompata mtoto wa ndugu yangu, kwa sababu yeye pia alikuwa ameshazoea maji.

Ndugu yangu ni mwalimu, alihamishiwa sehemu za Kaplong miaka michache iliyopita. Nikaenda kumtazama pamoja na mwanawe, kijana wa miaka 17, aliyekulia Mji wa Kale na kujifunza kupiga mbizi kabla hajajua kusoma. Siku ya pili akafuatana na vijana wa jirani kwenye bwawa moja la udongo. Wenzake wakampa changamoto avuke ng'ambo. Ng'ambo yenyewe ilikuwa karibu, haifiki hata nusu ya masafa aliyoyazoea nyumbani maji yakiwa yamejaa. Alipofika katikati mikono ikawa mizito, mguu mmoja ukakaza, na akaanza kuzama na kuibuka bila hata kupiga kelele. Mimi nilikuwa nimesimama ukingoni na simu mkononi, nikidhani anacheza. Aliyemwokoa ni mama mmoja aliyekuja kuteka maji. Alikaza kifuniko cha mtungi wake mtupu wa lita 20, akaufunga kwa kamba aliyokuwa amefungia kuni, akamrushia. Kijana akaukumbatia, tukamvuta. Yule mama akachukua mtungi wake, akatutazama mimi na ndugu yangu, akasema kwa upole, "Hii maji si kama ya kwenu."

Diploma yangu ni ya utalii. Nimewapangia wageni safari za Mtwapa, Mida na Kilifi kwa miaka mingi, na siku ile sikuwa nimeuliza hata swali moja kuhusu bwawa lile. Haya hapa chini ndiyo maswali ambayo ningepaswa kuuliza, na majibu niliyoyakusanya baadaye.

Kaplong na maji yake

Kaplong ni njia panda katika Kaunti ya Bomet, jirani na Sotik. Ukitoka Nairobi kwa Mai Mahiu, Narok na Bomet, barabara inakuja kukutana hapo na ile ya Kisii kwenda Kericho. Mkono wa kushoto unakwenda Sotik, Keroka na Kisii. Mkono wa kulia unakwenda Kapkatet, Litein, Chemosit na Kericho. Shika jambo hili moja: Kaplong iko Bomet, lakini Kapkatet na Litein, ambazo ziko karibu tu, ziko Kaunti ya Kericho. Ukitafuta ruhusa ya kuvua, ofisi ya upande mmoja haikufungulii mlango wa upande wa pili.

Sisi watu wa Mombasa hatuna ugeni na eneo hilo hata kama hatujalifikia. Chai yake inashuka kwetu kwa malori kuuzwa mnadani, na mnada huo uko Mombasa tangu 1969. Madereva wetu wanazijua kona za Chemosit kama wanavyozijua za Changamwe.

Mto mkubwa wa karibu ni Kipsonoi, unaopita sehemu za Sotik. Unatoka nyanda za juu upande wa msitu wa Mau, unaungana na mito mingine ya Kericho na kuwa mto Sondu, halafu unaingia Ziwa Viktoria upande wa Nyakach. Huko chini ndiko KenGen ina mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu wa megawati 60. Upande wa Bomet mjini kuna Nyangores, wenye maporomoko ya Tenwek, na huo unakwenda kuwa mto Mara, unapita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, na mwisho nao unaingia Ziwa Viktoria kwa upande wa Tanzania. Mito miwili inaanzia msitu mmoja na kuishia ziwa moja, lakini mmoja unapita kwa wakulima na mwengine kwa nyumbu na mamba.

Tena kuna mabwawa, na ndiyo mengi zaidi. Kuna ya mashamba makubwa ya chai, ya shule, ya jamii kwa ajili ya ng'ombe na maji ya nyumbani, na vidimbwi vya samaki vya watu binafsi. Vingi vya hivyo vidimbwi vilichimbwa kuanzia 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kufufua uchumi na kuchimba mabwawa ya samaki kila pembe ya nchi.

Kila bwawa lina mwenyewe. Hili kwetu ni geni kidogo, maana ufuo tunauona ni wa kila mtu (ingawa siku hizi kuta za mahoteli zinatufundisha vingine). Bwawa la shamba la chai lina mlinzi na ruhusa hutolewa na ofisi ya shamba. Bwawa la jamii lina kamati, na ukimuona mzee wa mtaa ama chifu utaelekezwa kwa mwenyekiti wake. Anza kwa salamu, "Chamgei", na usikimbilie shida yako. Ukikaribishwa kikombe cha chai ya maziwa, ama mursik, kaa. Nusu saa hiyo itakupa habari za bwawa ambazo hakuna kibao kilichoziandika: wapi pana kina, wapi pana miti iliyozama, nani alizama na mwaka gani.

Watu wanakunywa maji hayo. Msiingie na sabuni, msirukie pale kina mama wanapotekea, na watoto waelezwe mapema suala la haja ndogo. Dini yetu imetukataza kukojoa katika maji yaliyotuama, na hapo ndipo utakapoona hekima yake kwa macho.

Kwa nini mwogeleaji wa bahari huchoka

Kiswahili chetu huyaita maji yasiyo na chumvi maji baridi, na Kaplong jina hilo ni kweli kwa maana zote mbili.

Chukua la chumvi kwanza. Lita moja ya maji ya bahari ni nzito kuliko lita ya maji baridi kwa gramu 25 hivi. Ni kidogo, lakini mwili mzima ukiwa ndani ya maji hesabu inakuwa kubwa: mtu wa kilo 70 hukosa msaada wa kiasi cha kilo moja na robo tatu ambao bahari ilikuwa ikimpa bure. Ni kama kuogelea na mfuko wa sukari kiunoni. Kijana aliyezoea kulala chali Tudor na kuelea akipiga gumzo, bwawani ataona miguu inateremka na mdomo unafika usawa wa maji. Mwili unalazimika kufanya kazi muda wote.

Hewa nayo si ile. Kaplong iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Mgeni aliyefika jana kwa basi la usiku atahema kwa kupanda ngazi tu, seuze kuogelea. Mpe siku mbili tatu kwanza.

Lakini kilichomkaza mguu kijana wetu nadhani ni baridi. Juu ya bwawa maji yanapigwa na jua na yanakuwa vuguvugu, mkono ukitia unasema ni sawa. Mita moja chini, miguu inapofika, ni kama umefungua friji. Usiku wa Kaplong ni wa blanketi mbili, na maji yaliyotuama huhifadhi ule ubaridi chini. Mtu anayejirusha kwa kishindo huvuta pumzi bila kutaka, na pumzi hiyo ikikutana na maji, basi. Kwa hivyo marufuku ya kwanza ya familia yetu sasa ni kuruka. Unaingia kwa miguu, polepole, unajimwagia maji kifuani na shingoni, unasubiri mwili ukubali.

Ya pili ni kuvuka. Unaogelea sambamba na ukingo, pale ambapo ukisimama maji yanakufika kifuani, na hapo nako baada ya mtu mzima kupima kwa mti mrefu. Bwawa la kuchimbwa halishuki kama ufuo wa Nyali. Unapiga hatua tatu juu ya tope, ya nne hakuna chini. Kingo za udongo zikilowa huteleza kama sabuni, na mtu anaweza kuzama akiwa amebakisha urefu wa mkono afike, kwa sababu hana pa kushika. Tafuteni mahali ng'ombe wanaponywea, ndipo penye mteremko mzuri, hata kama hapapendezi kwa picha.

Msiogelee karibu na ukuta wa bwawa wala kwenye mlango wa kutolea maji. Mashamba makubwa ya chai yamekuwa na mitambo yao midogo ya umeme wa maji kwa miongo mingi, na hospitali ya Tenwek nayo ina wake kwenye Nyangores tangu miaka ya 1980. Palipo na bomba ama mfereji unaoingiza maji mtamboni pana mvuto usioonekana juu. Kuhusu machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua, hayo msiende kabisa. Pembe zake zimekatwa wima na hakuna anayejua kina chake.

Nimeulizwa pia kuhusu kichocho. Kule ziwani, pembezoni mwa Ziwa Viktoria, ugonjwa huo upo kwa wingi. Nyanda za juu baridi huwapunguza konokono wanaoubeba, lakini mtoto akirudi na homa, kuumwa na tumbo ama damu kwenye choo, mwambieni daktari kwamba aliogelea maji ya bara, asihangaike kutafuta malaria pekee. Dawa yake ipo na inatibu.

Mto haufuati mwezi

Nyumbani tuna kalenda ya bure angani. Mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu ni bamvua, na Mombasa maji ya bamvua hujaa kiasi cha saa kumi na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Asiyejua hesabu hiyo atanunua jedwali la Halmashauri ya Bandari. Mvuvi anaweza kukwambia Ijumaa ijayo utapita wapi kwa miguu.

Kipsonoi hauna hesabu hiyo. Unafuata mvua, na mvua yenyewe si lazima ikunyeshee wewe. Unaweza kukaa juu ya jiwe katikati ya mto, jua linawaka, mbingu safi, na saa mbili zilizopita imenyesha sana huko juu upande wa Mau. Maji hayo yako njiani. Yakifika huja kwa dakika chache, na yule aliyevuka maji ya magoti kwenda ng'ambo anakuta ya kiuno yakiwa yanavuta.

Wenyeji wanatazama rangi. Mto ukiwa wa kijani ama wa chai ya rangi na ghafla ukageuka chai ya maziwa, tokeni. Vikianza kupita vijiti, majani na povu, tokeni. Sauti ya mto ikibadilika, nayo ni habari. Mimi niliongeza hila yangu ya kitoto: nikifika nachomeka kijiti pale maji yanapoishia ukingoni, na kila nikimaliza kikombe cha kahawa nakitazama. Kikiwa ndani ya maji kwa upana wa vidole viwili, nawaita wote.

Katika mito hii sipendekezi kuogelea hata siku ambayo iko shwari, ila kwenye vidimbwi vya pembeni ambavyo mwenyeji mtu mzima ameingia mbele yenu. Watoto wachezee maji ya vifundoni, warushe mawe, wakamate kaa wa mtoni. Chini ya maporomoko msiingie kabisa. Pale maji yanapoanguka yana hewa nyingi ndani yake na hayambebi mtu, na mzunguko wake hukurudisha chini kila ukitaka kutoka.

Saa ya kwenda na saa ya kutoka

Januari na Februari ndiyo miezi yenye afadhali. Disemba inafaa kwa asubuhi. Aprili na Mei kaeni nyumbani mkaange viazi. Lakini mwezi wowote, nchi ya chai ina tabia moja: asubuhi kweupe, mchana mawingu yanajikusanya, alasiri mvua yenye radi, mara nyingi na mawe. Kericho inajulikana kwa mvua ya mawe kama Lamu inavyojulikana kwa punda. Na radi ndiyo inayoua, si mvua. Mtu aliye majini, ama aliyeshika mwanzi mrefu wa kuvulia ukingoni, ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu naye.

Ratiba yangu ni hii. Tunatoka nyumbani saa mbili asubuhi, tunaingia majini saa tatu na nusu jua likishapasha, na saa sita na nusu kila mtu yuko nje, amekauka, amevaa sweta. Tunaswali Adhuhuri hapo hapo kwenye nyasi. Kibla kutoka Mombasa ni kaskazini hasa. Kutoka Kaplong ni kaskazini ikiegemea mashariki kidogo tu, msibabaike. Tunakula, na saa nane tuko njiani. Ngurumo ya kwanza ikisikika kabla ya hapo, tunatoka wakati huo huo, wala hatusubiri tone. Mwendesha boda boda wa kuwarudisha aagizwe asubuhi, maana ikianza kunyesha njia za udongo za mashambani hazipitiki na naye anajua bei ya kukutajia.

Kina mama na mabinti wanaotaka sitara waende Jumatatu hadi Alhamisi asubuhi, watoto wa huko wakiwa hawajatoka kazini za nyumbani. Jumamosi na Jumapili mabwawa hujaa vijana. Ijumaa wanaume wanaoitaka jamaa waende Kericho ama Kisii mjini, misikiti ipo, na safari ya maji iachwe.

Mitumbwi na kafi

Hapa nitakuwa mfupi. Kaplong hutapata mtumbwi wa kukodi kama Mtwapa. Jamaa wengine hubeba vile vimashua vya mpira vya kujaza upepo. Kwenye bwawa dogo, kwa ruhusa, asubuhi kabla upepo haujaamka, ni mchezo mzuri. Mtoni si mchezo hata kidogo, kwa sababu mti mmoja uliolala majini unakitoboa. Kila aliyemo avae jaketi la kuokolea, limefungwa, na litoshe mwili wake. La mtu mzima kwa mtoto humponyoka kichwani akianguka. Majaketi nunueni Mombasa kabla hamjasafiri, yako madukani kwetu na huko ni adimu.

Kwa mwenye hamu ya kupiga kafi kweli, Kaplong ni kituo tu. Endeleeni hadi Kisumu, kupitia Kericho, na pale Dunga wavuvi wana mashua na wanalijua ziwa. Asubuhi pia, kwa sababu upepo wa ziwa huinuka mchana. Viboko wako kweli, si hadithi ya watalii, na gugumaji linaweza kuifunga njia uliyojia.

Kuvua: acheni ndoana zenu nyumbani

Hii ndiyo sehemu niipendayo, na ndiyo niliyoaibika nayo kwanza. Nilikwenda na mshipi wa changu, ndoana zake, na chubwi ya kuzamisha nyumba. Mzee mmoja jirani wa ndugu yangu aliitazama ile ndoana akacheka mpaka akakaa chini.

Samaki wa vidimbwini ni perege, ambaye huko kila mtu anamwita tilapia, na kambare. Mdomo wa perege ni mdogo. Unataka uzi mwembamba, ndoana ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na kigae cha risasi kama punje ya mpunga. Chambo ni nyungunyungu aliyechimbwa kwenye mboji, ama donge la ugali. Kambare anataka harufu: matumbo ya kuku, utumbo wa samaki, na anakula vizuri zaidi jua likiwa halijapanda. Tena uwe na subira. Perege ni samaki wa joto, na maji yakiwa baridi asubuhi hana hamu ya kula. Kuanzia saa nne ndipo anachangamka. Baridi hiyo pia humchelewesha kukua, kwa hivyo msidharau wa kiganja kimoja, huenda ana umri wa kutosha.

Kidimbwi ni shamba la mtu, kwa hivyo mnapatana kabla: mnalipa kwa kilo kwa kile mlichovua, ama mnalipa kiingilio. Wengi watafurahi, kwani mnunuzi amejileta. Hao samaki mkiwapata, wapareni na kuwatoa matumbo hapo hapo kwa idhini, mrudi nao wamefunikwa kwa majani mabichi. Nazi bebeni kutoka nyumbani. Perege wa kupaka kwa tui la Mombasa, akichomwa kwa makaa ya mkaratusi kwenye baridi ile, nimemla mara tatu na bado nausifu ule wa pili.

Mtoni kuna kambare, na kuna samaki wa ziwani wanaopanda mto wakati wa mvua kwenda kutaga, kama ningu na fuani. Ningu alikuwa samaki wa kutajika katika mito yote inayoingia Ziwa Viktoria, hadi nyavu za makila zilipotegwa midomoni mwa mito karne iliyopita, zikawakamata wakiwa na mayai matumboni. Akiba ile ikaporomoka. Wavuvi wetu wa Pwani wanaoziona juya zikikokota vifaranga wataelewa bila kuelezwa zaidi. Kwa hivyo msivue mtoni msimu wa mvua: samaki wanapanda kuzaa, na mto wenyewe, kama nilivyosema, haufai kusogelewa.

Juu kabisa, kwenye mito baridi ya Kericho, kuna habari za trauti. Huyu si mwenyeji. Aliletwa Kenya mwaka 1905 na Ewart Grogan, akawekwa mto Gura huko Aberdare, na baadaye Wazungu wakamsambaza mito mingine ya milimani. Wageni wa Tea Hotel ya Kericho, iliyojengwa na Brooke Bond miaka ya 1950, walikuwa wakimvua mto Kiptariet. Ukitaka kujaribu, ulizia Kericho mjini kwanza, maana sehemu kubwa ya kingo ni mali ya mashamba. Hata ukirudi mikono mitupu, bwawa la Chagaik na bustani yake ya miti, nje kidogo ya Kericho, linatosha kwa siku moja ya kutembea na kupumzika. Huko ni kutazama maji, si kuyaingia.

Sheria ni ile ile ya bahari: Sheria ya Usimamizi na Ustawishaji wa Uvuvi ya 2016. Kuvua kwa sumu, utupa ukiwemo, ama kwa baruti, ni kosa, bara na Pwani. Kuhusu leseni ya kuvua kwa burudani, piteni ofisi ya uvuvi ya kaunti mliyomo mkiwa na kitambulisho. Mimi nilikwenda nikitarajia usumbufu, nikapewa kiti na maelezo.

Mtu akizama

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya tisa kati ya kumi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi. Umoja wa Mataifa umeitenga 25 Julai kuwa siku ya kulikumbusha hilo. Nilikuwa nikizisoma takwimu kama hizo na kuzipita, hadi nilipoona kichwa cha mtoto wa ndugu yangu kikipotea.

Anayezama hapigi kelele. Hana pumzi ya kelele. Anatazama juu, mdomo uko usawa wa maji, mikono inakandamiza chini kama anayepanda ngazi. Ukiona hivyo usiingie. Atakukumbatia na mtazama wawili. Rusha kitu kinachoelea chenye kamba, ama mnyooshee mti ukiwa umelala kifudifudi ukingoni.

Akitolewa na hapumui, msimpindue kichwa chini wala kumkanda tumbo kutoa maji, kama tulivyoona wazee wakifanya. Mlazeni chali, inueni kidevu, mbaneni pua, mpeni pumzi tano mdomoni. Asipozinduka, bana katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na haraka, halafu pumzi mbili, na kuendelea hivyo bila kuacha hadi msaada ufike. Mwengine apige simu wakati huo: 999 ama 112, ama 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kaplong kuna hospitali ya misheni, Kapkatet iko karibu, na Bomet kuna Longisa na Tenwek. Hata aliyezinduka mwenyewe na kusema yuko sawa apelekwe, kwa sababu maji mapafuni yanaweza kumrudia baada ya saa kadhaa. Kijana wetu alikataa kata kata kwenda, akisema, "Ami, mimi niko sawa, mnaniaibisha." Tulimpeleka kwa nguvu na akalazwa hadi asubuhi.

Sasa kila tukitoka, mtungi wa lita 20 unatangulia, mtupu, na kamba ya mita 20 imefungwa kwenye mkono wake. Mtu mzima mmoja anapewa zamu ya kukaa nao, hana ruhusa ya kuogelea wala kushika simu hadi abadilishwe. Na kabla hatujaondoka nyumbani tunautazama kama una kifuniko, kwa sababu watoto huvichukua vifuniko kuchezea.